Mama Alisema Nyigu, Mimi Nikasikia Nyuki

Kwenye kipindi kilichopita niligusia tu, kwa haraka, kwamba kiangazi cha mwaka jana baba yangu nusura atutoke kwa sababu ya wadudu waliojenga darini, halafu tukaendelea na mada nyingine. Basi meseji zikaanza kumiminika. "Dada, wadudu gani hao?" "Na kwetu wapo kwenye kibanda cha bustani, tufanyeje?" Mmoja akaniandikia kwamba ameshanunua mafuta ya taa na anasubiri giza liingie. Wewe mwenye mafuta ya taa, tafadhali yaweke chini kwanza. Soma, halafu tuongee.

Wazazi wangu wanaishi Coventry, kwenye nyumba ile ile tuliyokulia, ya matofali mekundu, imebanana na za majirani huku na huku. Mimi siku hizi nipo Leicester. Mwezi wa saba mama akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, akasema, "Mwanangu, kuna nyigu wanaingia pale juu ya dirisha la bafu. Wanaingia na kutoka kama daladala za Kariakoo."

Nikasema sawa mama, nitaangalia.

Sasa nikiri. Kiswahili changu mimi ni cha jikoni na cha simu. Najua majina ya vyakula, ya ndugu, ya magonjwa ya wazee. Kwa wadudu namjua mbu, nzi, mende, siafu na nyuki, basi. Hilo neno nyigu nilikuwa nalisikia, ila kichwani mwangu lilikuwa ni nyuki kwa namna nyingine, labda nyuki wa Tanga, maana mama ni mtu wa Tanga na ana maneno yake. Kwa hiyo nikaingia kwenye intaneti nikatafuta, kwa Kiingereza, nyuki kwenye paa. Majibu yakaja mazuri kabisa: usiwaguse, wana faida, wanapungua, ukiwaacha wataondoka wenyewe. Nikamtumia mama ujumbe wa sauti, kwa ile sauti ya mtoto aliyesoma: "Mama, waacheni, hao ni viumbe muhimu, hawana shida na mtu."

Mama akajibu, "Hawa si wa kuachwa." Alisema hivyo mara tatu, katika wiki sita. Mi nikaona mama anaogopa tu.

Nilichosoma hakikuwa uongo, ila kilimhusu mdudu mwingine. Ndiyo maana naanza na hili kabla ya dawa, kabla ya ngazi, kabla ya kumpigia mtu yeyote: jua ni nani huyo. Simama mbali, hatua tano au sita, kando ya njia yao ya kurukia na si mbele yake, uangalie kwa dakika kumi. Simu ya siku hizi inavuta picha vizuri, huna haja ya kusogea.

Nyuki wa asali ni mwembamba kiasi, rangi ya kahawia kama karanga iliyokaangwa, ana vinyweleo, mistari yake haing'ai. Hapa Uingereza utamwona zaidi mwezi wa tano mpaka wa saba akiwa kwenye kundi, yaani fungu la maelfu linaloning'inia kwenye tawi au ukutani kama ndevu. Kundi la namna hiyo limehama kwao na linatafuta nyumba, na mara nyingi saa hizo huwa pole, halina asali wala watoto wa kulinda. Usilimwagie chochote. Chama cha wafugaji nyuki, British Beekeepers Association, kina orodha ya watu wanaokuja kuchukua makundi, na wengi wao wanafurahi kuliko wewe. Lakini nyuki wakishaingia ndani ya ukuta wakajenga masega, hiyo ni kazi nyingine. Ukiwaua humo na kuacha masega, asali itavuja ukutani, na harufu itaita nyuki wengine. Hapo anahitajika mtu wa kuwatoa pamoja na masega yao.

Halafu kuna yule nyuki mnene, duara, mwenye manyoya kama koti la baridi, anayevuma utadhani pikipiki. Wanaishi wachache, makumi kadhaa au mamia, kwenye tundu la panya lililoachwa, chini ya kibanda, ndani ya sanduku la ndege. Kuna aina moja yenye mgongo wa rangi ya chungwa na mkia mweupe ambayo ilionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na inapenda sana kukaa chini ya vigae vya paa. Utaona kundi lao linarukaruka mbele ya tundu mchana kutwa, unaingiwa na hofu, kumbe hao wanaorukaruka ni madume, na dume hana mwiba. Hao waache kweli. Kufikia mwisho wa kiangazi wamekwisha.

Na kuna nyigu. Njano kali na nyeusi inayong'aa kama gari jipya, hana manyoya ya kuonekana, kiuno chembamba kama uzi. Hakai na wenzake kwenye fungu nje. Utaona mstari wa mmoja mmoja wanaoingia na kutoka kwenye tundu bila kupumzika. Kiota chake ni karatasi ya kijivu, kwa sababu anakwangua mbao, anazitafuna na mate, anapaka. Nyuki wa asali akikuuma mwiba unabaki kwenye ngozi yako naye anakufa. Nyigu anauma, anachomoa, anauma tena.

Daladala za Kariakoo. Mama alikuwa ameshanieleza kila kitu kwa sentensi moja.

Kosa la pili lilikuwa la mzee, na linaniuma zaidi kwa sababu yeye hakufanya kwa ujinga. Baba ni mtu wa Tabora. Babu yangu alikuwa mrina asali, wa mizinga ya magome inayotundikwa juu ya miti ya miombo, na baba alikulia kubeba moshi nyuma yake. Ameumwa na nyuki mara nyingi kuliko siku zangu za kwenda gym. Kwa hiyo mimi niliposema ni nyuki, mzee akasema ala, nyuki nawajua. Jumamosi moja ya mwezi wa nane akachukua sufuria bovu, akawasha trei za mayai, akapeleka moshi chini ya paa.

Moshi unamtuliza nyuki wa asali kwa sababu unaficha harufu ya hatari wanayopelekeana, na unamfanya akimbilie kujaza tumbo asali ili awe tayari kuhama. Nyigu hana asali ya kukimbilia. Moshi kwake ni uchokozi mtupu. Mzee akaumwa mara mbili mkononi, akacheka, akapaka kitunguu.

Kesho yake usiku, umri miaka 68, akapanda ngazi na kopo la lile povu linaloumuka na kukauka, akaziba tundu. Alishuka akajisifu kwa mama kwamba kazi imekwisha.

Hili la kuziba tundu nitalisema taratibu kwa sababu meseji nne nilizopata zinapanga kulifanya. Kiota cha nyigu mwezi wa nane kinaweza kuwa na maelfu ya nyigu. Wana taya za kutafuna mbao. Ukiwafungia mlango wa nje watatafuta mwanga mwingine, na mwanga mwingine uko upande wako. Kwetu walitafuna pembeni mwa taa ya dari la bafu. Jumanne asubuhi mzee aliingia kutawadha, akavuta kamba ya taa, na wakamshukia shingoni.

Watatu tu. Si mia. Watatu.

Ndani ya dakika kumi alikuwa na vipele mwili mzima, midomo imevimba, sauti imekuwa ya mtu mwingine. Mama akamkalisha kitandani, akashika simu, akanipigia mimi.

Mimi, Leicester. Nilikuwa kwenye kikao. Nikaona "Mama" nikakata, nikatuma ile meseji ya moja kwa moja kwamba nitakupigia baadaye. Akapiga tena. Ya tatu nikapokea nikiwa nimeudhika. Akasema, "Baba yako hapumui vizuri, niwaambie nini kwa Kiingereza?" Nikamwambia kata, mama, piga 999, sema anwani na useme "sting". Akapiga. Ambulensi ilifika upesi, Mungu anajua kwa nini, wakamchoma adrenalini pajani pale pale chumbani, na mama anasema rangi yake ilirudi akiwa anamtazama. Alilala hospitali usiku mmoja.

Tumekuwa watoto wa kupigiwa simu ya kwanza. Barua ya benki, mita ya umeme, daktari, yote yanaanza kwetu. Kaa na wazazi wako wiki hii uwaambie kwamba kuna simu moja ambayo haianzi kwako. Uvimbe wa uso au ulimi, kukoroma au kukosa pumzi, kizunguzungu, vipele vinavyosambaa mbali na pale alipoumwa: hiyo ni 999 hapa, 911 huko Marekani. Kiingereza kikigoma, aseme "Swahili" na anwani, watafute mkalimani. Mgonjwa alale chini miguu iinuliwe. Kama anashindwa kupumua akae ameegemea, lakini asisimame wala kutembezwa, hata kwenda chooni. Kama ana kalamu ya adrenalini achomwe mara moja kwenye paja, kwa nje, hata juu ya suruali, na kama hakuna nafuu baada ya dakika tano achomwe ya pili.

Na usijidanganye kwa historia. Mzee ameumwa na nyuki maisha yake yote bila tatizo. Sumu ya nyigu si sumu ya nyuki, na mwili unaweza kukubali mara kadhaa halafu siku moja ukakataa. Kwa asiye na aleji, kuumwa ni maumivu na uvimbe: osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, na kama kuna mwiba wa nyuki utoe haraka kwa namna yoyote, haraka ndiyo muhimu kuliko ufundi. Kitunguu cha mama sikipingi, kinampa mtu cha kufanya.

Jioni ile ile nikaita fundi. Alikuja na suti nyeupe yenye wavu usoni, akaangalia lile povu la mzee, akaguna kwa adabu. Alichokifanya hakikumaliza nusu saa. Alilifungua tundu, akapandisha fimbo ndefu kutoka chini, akapuliza unga wa sumu mlangoni na pembeni mwake. Nyigu wenyewe, wakiingia na kutoka, wanaubeba unga miguuni mpaka kwa malkia na mabuu. Akatuambia tusizibe tundu siku kadhaa, ili walioko nje warudi wapite humo humo, na tufunge madirisha usiku huo kwa sababu wangekuwa na hasira. Akatuuliza pia kama tumewahi kuona popo darini, maana sheria ya hapa inawalinda popo pamoja na makazi yao, huwezi kupulizia tu. Kesho yake jioni pale juu palikuwa kimya. Tulimlipa pauni 80. Mzee alikuwa anakwepa pauni 80.

Halmashauri nyingine zina watu wa kazi hii kwa malipo, nyingine zimeacha, piga uulize. Ukipata wa binafsi, muulize kama amesajiliwa na British Pest Control Association.

Je, unaweza kufanya mwenyewe? Wakati mwingine ndiyo, na sitaki kujifanya kwamba kila mtu ana pauni 80. Kama ni nyigu kwa hakika, kiota ni kidogo, kiko wazi na chini ya usawa wa kichwa chako, na nyumbani hakuna mwenye aleji, basi kuna makopo ya dawa madukani. Soma maelezo yote ya kopo. Fanya jioni wakishaingia. Mikono mirefu, soksi juu ya suruali, glavu, shingo imefunikwa. Usimulike tundu kwa tochi nyeupe, watafuata mwanga mpaka mkononi. Funika tochi kwa plastiki nyekundu. Simama pembeni, njia ya kukimbilia iwe wazi, watoto na paka ndani. Ukiona mmoja amekujia usimpige karibu na kiota, maana aliyepondwa anaacha harufu inayowaita wenzake. Lakini ikihitajika ngazi, acha. Mtu akiumwa akiwa juu ya ngazi, tatizo si nyigu tena, ni sakafu. Petroli, mafuta ya taa, maji ya moto, mpira wa bustani: yote hapana. Kiota ni karatasi na paa lako ni mbao, malizia mwenyewe.

Kuna na njia ya tatu ambayo hakuna anayeipenda: kusubiri. Kiota kikiwa nyuma ya bustani, mbali na mlango, na tayari ni mwisho wa mwezi wa tisa, baridi kali ya kwanza itakumalizia kazi bure. Nyigu wote wanakufa isipokuwa malkia wapya, wanaojificha mahali kupisha baridi, na kile kiota hakitumiki tena. Zaidi ya hapo, majira ya kiangazi nyigu wanakamata viwavi na nzi kulisha watoto wao, bustani inafaidi. Wanaanza kusumbua soda yako mwishoni tu, watoto wakishakua na ile kazi ya kulisha ikiisha.

Ndugu wa Marekani, kwenu mambo yanabadilika kidogo. Nyigu wa njano wengi wa kwenu hujenga ardhini, kwenye tundu katikati ya majani, na mashine ya kukata nyasi ndiyo inayowagundua. Zunguka uwanja kwanza ukiangalia. Na mlio Texas au Arizona, hata nyuki wa asali wa porini msimkaribie. Huyo ana damu ya kwetu. Mwaka 1956 mtafiti wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, na mwaka 1990 uzao wao ukafika Texas. Wanalinda nyumba yao kwa wingi na wanamfukuza mtu mbali. Mzee nilipomwambia hivyo alifurahi kama amesikia mtoto wa ndugu yake amepata kazi nzuri.

Kwa mlioko Ulaya na hapa, mkiona mkubwa mwenye mwili mweusi na ncha za miguu za njano, huyo ni wa kutoka Asia, anamaliza nyuki wa asali. Alithibitishwa Uingereza mara ya kwanza mwaka 2016. Msimguse wala kiota chake. Pigeni picha mkiwa mbali na mtoe taarifa kwa programu ya Asian Hornet Watch. Wapo pia wakubwa wa hapa hapa, wa kahawia na njano, wanatisha kwa umbo lakini wana subira kuliko hawa wadogo. Mama anasema kwao wakubwa kuna mavu na kuna dondora, na hawafanani. Nimeandika kwenye simu. Bado nachanganya.

Mwezi wa kumi na mbili nilipanda darini na kisu na mfuko wa takataka, nimefunika mdomo na pua kwa ajili ya lile vumbi la sumu. Kiota kilikuwa kikubwa kuliko mpira wa miguu na chepesi kama mkate. Kilikuwa na mistari, kijivu, hudhurungi, na mmoja wa kijani hafifu. Mama akautambua ule wa kijani: uzio wa jirani, aliupaka rangi msimu ule.

Baba sasa anatembea na kalamu mbili za adrenalini na anakwenda kliniki kuchomwa sumu ya nyigu kidogo kidogo ili mwili uizoee. Tiba hiyo huchukua kama miaka mitatu. Analalamika foleni, hajakosa hata siku moja.

Mwezi wa nne huu alikuwa kwenye kibanda cha bustani akakuta kitu kama kichuguu cha karatasi, ukubwa wa limau dogo, kinaning'inia kwenye boriti, na mdudu mmoja peke yake anakizunguka. Zamani angekipiga ndala. Alirudi nyuma akafunga mlango, akamwita mama. Mama akavaa miwani, akachungulia kwenye kioo.

"Nyigu," akasema. "Tena malkia. Ndiyo kwanza anaanza."

Halafu wakampigia fundi. Mimi niliambiwa jioni.